Konsoli Yauzwa kwa Hasara, Sasa Faida Iko Wapi?

Msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, mwenye kibanda cha gemu, ameniandikia hivi: "Salaam aleikum kaka. Nina PS4 nne na PS5 moja, vijana wacheza mpira kwa saa. Nasikia Sony na Microsoft wakiuza konsoli hawapati kitu, wakati mwengine wauza kwa hasara kabisa. Kama ni hivyo mbona bei zapanda badala ya kushuka? Wangefanya nini faida yao iongezeke bila kutubana sisi? Na sisi wenye vibanda tuko wapi kwenye hio hesabu yao?"

Waleikum salaam mdogo wangu. Nimelipenda swali lako, tena nafurahi limetoka kwa mtu anayeshinda na hizi mashine kutwa nzima, manake wewe wajua vile zinavyotumika kweli. Mimi kazi yangu ni hesabu za biashara huku Malindi, na ripoti za fedha za hizi kampuni tatu, Sony, Nintendo na Microsoft, nazisoma kila zinapotoka. Nitakujibu kwa urefu, twaa chai ukae.

Ulilosikia ni kweli, ila si kwa wote na si kwa wakati wote. Mei 2021, kwenye kesi ya Epic na Apple kule California, Lori Wright wa Microsoft aliulizwa mahakamani kama kampuni yake imewahi kupata faida kwa kuuza konsoli ya Xbox, akajibu hapana. Mwaka uliofuata Phil Spencer, aliyekuwa mkuu wa Xbox wakati huo, akasema kila mashine waitia ruzuku ya dola 100 hadi 200. Sony nao 2006 walitoa PS3 ya dola 599, na wataalamu wa iSuppli walipoifungua na kuhesabu vifaa vya ndani wakakadiria kuiunda kwafika kama dola 840. Mwaka ule wa fedha kitengo cha gemu cha Sony kilikula hasara ya zaidi ya yen bilioni 230. Lakini PS5 iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 499, kufika Agosti 2021 Sony ikatangaza ile ya diski haiuzwi kwa hasara tena, hata mwaka haujaisha. Na Nintendo wao ni watu wa dini nyengine kabisa, Wii ya 2006 iliuzwa dola 249 na ilikuwa yaingiza faida tangu siku ya kwanza.

Sasa hebu tazama hizi namba mbili, manake ndo jibu langu lote limekaa hapa. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, kitengo cha gemu cha Sony kiliuza vitu vya yen trilioni 4.27 kikabaki na faida ya uendeshaji ya yen bilioni 290 hivi. Nintendo mwaka huo huo waliuza trilioni 1.67 wakabaki na bilioni 529. Yani Sony kauza mara mbili na nusu ya Nintendo, akapata nusu na kidogo ya faida ya Nintendo. Kwa kila 100 iliyoingia, Sony ilibakiwa na kama 7 na Nintendo ikabakiwa na karibu 32. Na huo haukuwa mwaka mbaya wa PS5, ilikuwa yauzika vizuri sana, wala haukuwa mwaka wa konsoli mpya ya Nintendo, Switch yao ilikuwa yatimiza miaka saba.

Kwa hivyo anayekwambia tatizo ni bei ya boksi anakuonyesha mlango usio wenyewe. Faida ya hii biashara hupimwa kwa maisha mazima ya mashine, yani miaka mingapi yakaa ikichezwa, na kila mwaka huo mchezaji aacha pesa ngapi, halafu utoe gharama za kuunda gemu zilizomfanya akae. Wewe mwenyewe hii hesabu washaijua kwa mikono. Ile PS5 hukuinunua upate faida siku ile, ulitoa pesa nyingi ukaiweka mezani, na yarudi kidogo kidogo kwa kila nusu saa kijana anapokaa. Ikikaa imezimwa imekula pesa yako. Basi na wao ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao nusu saa yao yalipwa na mtu aliyeko chumbani kwake nchi ya mbali.

Inalipwaje? Nintendo ndo waliouanzisha huu mtindo miaka ya 80 na konsoli yao ya NES, waliweka chipu ya kufungia ndani ya mashine ili gemu isiyo na ruhusa yao isifunguke, na mwenye kutaka kutoa gemu ikabidi apitie kwao na kuwalipa. Mpaka leo kila gemu ya kampuni nyengine unayoitia kwenye konsoli yamlipa mwenye konsoli. Enzi gemu mpya ilikuwa dola 60, mgao uliokuwa ukitajwa sana ni kwamba duka lilichukua kama dola 15, mwenye konsoli kama dola 7 za leseni, na zilizobaki zikaenda kwa diski, usafiri, mzigo uliorudi bila kuuzwa na mchapishaji mwenyewe. Sasa gemu hio hio ikidaunlodiwa, duka ni la mwenye konsoli, na yeye hukata asilimia 30, yani dola 18. Kutoka 7 mpaka 18 kwa gemu ile ile, bila kupakia kontena wala kulipa mwenye duka. Na kama gemu ni yake mwenyewe, zote 60 zaingia mfukoni mwake. Ndo maana waona mashine zisizo na tundu la diski zauzwa bei ya chini kidogo, ule unafuu si sadaka, wanajua utanunua kwao tu mpaka mashine ife, na huwezi kumuuzia jirani gemu uliyomaliza.

Halafu kuna kile ambacho vijana wako wakijua sana, vitu vidogo vya ndani ya gemu. Nguo za Fortnite, pakiti za wachezaji kwenye FC ile gemu ya mpira, vitu kama hivyo. Kwa Sony pesa ya hivi vidogo imepita hata pesa ya gemu nzima nzima, na kila dola 10 ya mtoto kwenye Fortnite ya PlayStation, dola 3 ni za Sony na hawakuandika hata mstari mmoja wa ile gemu.

Sasa utaniuliza, kama pesa tamu namna hii yaingia, mbona Sony wabaki na 7 kwa 100? Hapa ndo tukae kidogo.

Kitu cha kwanza, boksi limeacha kuwa rahisi. Zamani hii biashara ilikuwa na utaratibu wake mzuri sana, waanza kwa hasara, halafu kila baada ya miaka miwili chipu yapungua ukubwa, yapungua joto, yapungua bei, nawe washusha bei ya dukani na bado wabaki na faida. PS2 ilianza dola 299 mwaka 2000, ikafika dola 99 mwaka 2009. PS3 ile iliyowatoa damu, kufika 2009 Sony wakasema gharama ya kuiunda imeshuka kama asilimia 70. Hio njia sai imeziba. Chipu ndogo zaidi zauzwa ghali zaidi kiwandani, viwanda vinavyoweza kuzitengeneza vyahesabika kwa vidole, na memori yagombaniwa na hawa wanaojenga mashine za akili bandia. Matokeo yake ni kitu hakijawahi kuonekana kwa kizazi chochote cha konsoli: PS5 iliyotoka dola 499 ikapandishwa Marekani mpaka 549 Agosti 2025, na Xbox Series X iliyotoka kwa bei hio hio ikapanda mara mbili mwaka huo mpaka dola 649. Mashine ya miaka mitano ghali kuliko ilipozaliwa! Ushuru mpya wa Marekani nao umechangia, na kwa Sony yen dhaifu pia, manake vifaa vingi wanunua kwa dola.

Lakini hata hapo kuna kazi ya mikono yafanyika ambayo mimi naiheshimu sana na haisemwi vya kutosha. PS5 ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 4.5. Ya 2022 ikawa kilo 3.9. Ile nyembamba ya 2023 ikashuka kilo 3.2. Ule uzito ulioondoka ni chuma cha kupoza joto, ni plastiki, ni nafasi kwenye kontena, na ukipunguza robo ya uzito wa mzigo wa mamilioni ya maboksi umeokoa pesa kubwa sana bila mchezaji kukosa chochote. Wewe ulopandisha boksi kwenye boti pale Mokowe wajua kila kilo ina bei yake. Pia wametoa tundu la diski likawa la kununua kando, wametoa kile kigoda cha kusimamishia, PS5 Pro iliyotoka 2024 kwa dola 699 yaja bila vyote viwili. Hapo ndo mie naanza kukunja uso. Kupunguza chuma ni uhandisi, kumwondolea mteja kitu na bei ikapanda juu yake ni jambo jengine, na kwa muda mrefu lapunguza idadi ya wachezaji walio ndani ya nyumba yao, ambao ndo wanaolipa ile asilimia 30.

Kumbuka yaliyompata Xbox One 2013. Microsoft walikuja na mashine ya dola 499 imefungwa pamoja na Kinect, ile kamera ambayo wengi hawakuitaka, na wakatangaza mipango ya kubana gemu za kuazimana na za mkono wa pili, tena mashine lazima ijiunge na intaneti kila saa 24. Kwa hesabu za karatasi ulikuwa mpango mzuri wa faida, gemu ya mkono wa pili haimpi mwenye konsoli hata senti. Watu wakapiga kelele, Juni hio hio wakarudi nyuma, mwaka uliofuata Kinect ikatolewa na bei ikashuka 399, lakini meli ilikuwa ishang'oa nanga. PS4 iliyoanza kwa 399 iliuza zaidi ya milioni 117, Xbox One haikukaribia. Na tangu hapo Xbox hawajainuka, manake waliokwenda PS4 walijenga maktaba zao za kidijitali huko na mtu hahami nyumba aliyoijaza fanicha. Tamaa ya mwaka mmoja iligharimu miaka kumi.

Kitu cha pili, na kwangu mimi ndo shimo kubwa kuliko yote, ni gharama ya kuunda gemu. Mwaka 2023, kwenye kesi ya serikali ya Marekani kujaribu kuzuia Microsoft kununua kampuni ya gemu ya Activision, nyaraka za Sony zilitolewa zikiwa zimefutwa kwa kalamu nyeusi lakini zikasomeka, na ulimwengu ukaona The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220 na Horizon Forbidden West kama milioni 212. Piga hesabu, gemu ya milioni 220, tuseme yauzwa dola 70 na zote zaingia kwako bila duka kukata, wahitaji kuuza zaidi ya milioni tatu kabla hujaona shilingi ya faida, na hapo matangazo hujayagusa. Halafu ichukue miaka mitano au sita kuundwa. Watu mia kadhaa walipwa mshahara miaka yote hio, na ikitoka ikagonga mwamba, basi.

Na hugonga. Sony 2022 walisema watakuwa na gemu 12 za kuchezwa mtandaoni kila siku, zile za kutoa pesa miaka na miaka, kufikia Machi 2026. Novemba 2023 wakapunguza mpaka 6. Agosti 23, 2024 wakatoa Concord, gemu iliyoundwa kwa miaka mingi, na Septemba 6 wakaizima, wiki mbili tu, wakarudishia watu pesa zao, na Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Hasara ya namna hio ndo yaibana faida ya Sony. Mwezi ule ule wa Septemba wakatoa Astro Bot, timu ya watu kama 60 hivi, kazi ya miaka mitatu, ikashinda gemu bora ya mwaka kwenye tuzo kubwa za Desemba 2024. Mimi sisemi kila gemu ndogo itashinda. Nasema mtu mwenye pesa ya Concord moja angeweza kujaribu Astro Bot kadhaa, na nne zikifa na moja ikafaulu bado yuko sawa, lakini aliyeweka yote kwenye moja yuko mikononi mwa bahati. Ningekuwa nakaa kwenye bodi zao hili ndo ningelipigania mpaka sauti ikauke, kwa sababu ni kupunguza gharama kusikomuumiza mchezaji hata kidogo. Hakuna kijana wa Lamu wala wa Tokyo anayelala na njaa kwa sababu majani ya mti ndani ya gemu hayatikisiki moja moja.

Nintendo walilijua hili mapema. Switch ya 2017 ilitumia chipu ya Nvidia ya 2015, si mpya hata siku ilipotoka, kwa hivyo boksi lilikuwa rahisi na gemu zake hazikuhitaji jeshi la wachoraji. Karibu asilimia 80 ya mauzo yao ya gemu ni gemu zao wenyewe, kwa hivyo hawaishii kwenye asilimia 30, pesa yote ni yao. Na bei hawashushi. Mario Kart 8 Deluxe ilitoka Aprili 2017 kwa dola 60 na miaka ikapita ikiuzwa bei ile ile, imepita nakala milioni 60, wakati gemu nyingi za wenzao baada ya mwaka zipo nusu bei. Wakati huo huo wakijua wamekosea bei ya mashine hawakai kimya: 3DS ilitoka 2011 kwa dola 249, haikuuzika, ndani ya miezi michache wakaishusha mpaka 169, na marehemu Satoru Iwata, aliyekuwa rais, akakata mshahara wake nusu. Walikula hasara ya muda ili watu waingie nyumbani, na 3DS ikaja kuuza zaidi ya milioni 75. Hapo ndo naona akili ya biashara.

Kuhusu kuuza gemu zako kwenye mashine za wengine, hapa kuna ubishi na nitakwambia upande wangu. Februari 2024 Hiroki Totoki, aliyekuwa rais wa Sony wakati huo, alisema wazi kwamba gemu zao kutoka pia kwenye kompyuta kwaweza kusaidia faida ya uendeshaji, na wiki hizo hizo wakatangaza kupunguza wafanyakazi kama 900. Kiuchumi ana haki. Gemu ishaundwa, milioni 200 zishatoka, kuihamisha kompyuta ni gharama ndogo na kila nakala ni faida karibu yote. God of War walipoileta kompyuta Januari 2022 ilikuwa na umri wa karibu miaka minne, waliotaka kununua PS4 kwa ajili yake washanunua zamani. Helldivers 2 walitoa PS5 na kompyuta siku moja Februari 2024, ikauza milioni 12 kwa wiki 12, na ile ni gemu ya watu wengi kucheza pamoja kwa hivyo kutokea kote siku moja ni lazima. Naona huo mpangilio ni mzuri, za mtandaoni kote siku moja, za hadithi zisubiri.

Microsoft wao wamekwenda mbali zaidi, na hapa naogopa kwa niaba yao. Oktoba 2025 Bloomberg iliripoti kwamba kitengo cha Xbox kimewekewa lengo la faida ya asilimia 30, na kwa biashara hii, hio ni namba ya Nintendo tu. Na ukishatafuta namba kama hio kwa haraka yale yanayofanyika ni haya tuliyoyaona, bei kupanda, studio kufungwa, gemu zao kupelekwa PlayStation. Forza Horizon 5 imekwenda PS5 na imeuza vizuri. Lakini fikiria, mtu akiacha kununua Xbox kwa sababu gemu zote zapatikana kwengine, Microsoft hapotezi boksi tu, apoteza 30 ya kila FC na kila Fortnite ambayo yule mtu angenunua miaka saba ijayo, tena sasa yeye ndo anamlipa Sony 30 kwa gemu zake mwenyewe. Faida ya mwaka huu yaonekana, ile iliyokimbia haionekani kwenye ripoti yoyote.

Sabskripsheni, yani kulipia kila mwezi ucheze gemu nyingi, nitaipita haraka. Game Pass ya Microsoft ilianza 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi, na daraja la juu, Ultimate, Oktoba 2025 likaruka kutoka 19.99 mpaka 29.99 kwa mara moja. Ni pesa ya uhakika kila mwezi na wawekezaji huipenda, ila ukitia gemu ya mamilioni ndani siku inapotoka umejikatia mauzo yako mwenyewe. Sony wamekataa kufanya hivyo na gemu zao kubwa, nami nawaunga mkono. Walichofanya wao ni kupandisha PS Plus ya mwaka kutoka 59.99 mpaka 79.99 mwaka 2023, na hilo liliwauma watu kwa sababu bila PS Plus huwezi hata kucheza mtandaoni gemu uliyoilipia.

Na uimara wa mashine, hili huwa halitajwi kwenye mazungumzo ya faida na ni makosa. Xbox 360 zilikuwa zikipata moto na kufa, zawaka taa nyekundu, na Julai 2007 Microsoft ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya kuzitengeneza na kurefusha waranti mpaka miaka mitatu. Kasoro moja ya mashine ilikula bilioni nzima. Huku kwetu, hewa ya chumvi na vumbi na stima ya kukatika, mashine yapata mtihani kuliko maabara yoyote, na padi ndo zaanza kwenda.

Sasa tuje kwenu, wenye vibanda. Kwa ukweli kwenye hesabu yao hampo, na naamini wanakosea. Orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation haina Kenya, kusini mwa Sahara iko Afrika Kusini peke yake. Ndo maana vijana wetu wajiandikisha kama wako Marekani au Uingereza, wanunua gifti kadi kwa dalali anayeweka chake juu, wengine wakata tamaa wanakwenda kutafuta mashine iliyofunguliwa yenye gemu za wizi. Mei 2024 Sony walipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti yao, ikawa gemu yatolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizokuwa kwenye orodha. Watu walio na pesa mkononi waambiwa hapana! Na huku Kenya mtu alipa kila kitu kwa M-Pesa, mpaka mahamri ya asubuhi. Kufungua nchi, kukubali pesa ya simu, kuweka bei za shilingi za kiasi chetu, hivyo vyote havihitaji chipu mpya wala studio mpya. Gemu ya miaka mitano iliyokwisha kurudisha gharama yake, ikiuzwa Kenya kwa shilingi 500, karibu zote ni faida safi.

Wataogopa kwamba watu wa nchi tajiri watakuja kununua kwetu. Nintendo wameshaonyesha njia, Switch 2 ilipotoka 2025, Japani iliuzwa yen 49,980 ile yenye Kijapani peke yake na akaunti za Japani tu, na ile ya lugha zote ilikuwa yen 69,980. Kumbe wakitaka kulinda bei ya soko moja wanaweza. Na Sony wenyewe Januari 2024 waliweka pesa kwenye Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini ya gemu za simu inayojua malipo ya huku, kwa hivyo hawawezi kusema hawatujui.

Na vibanda hasa. Leseni ya PlayStation ni ya matumizi ya nyumbani, kibiashara hairuhusiwi, kwa hivyo wewe kwa karatasi zao uko nje, na hilo ni vyema ulijue. Lakini Korea Kusini vile vyumba vyao vya gemu za kompyuta vyalipa wachapishaji kwa saa zinazochezwa, kihalali, na wenye vyumba wapewa vitu maalum kwa wateja wao ndani ya gemu. Mtu angeleta hio kwa konsoli, shilingi mbili tatu kwa saa zakatwa kwenye M-Pesa ya kibanda, nawe wapata gemu zote halali, apdeti, na mashindano yanayotambulika. Kibanda kimoja chenye mashine tano chaweza kuchezwa saa nyingi kuliko nyumba ishirini za Ulaya ambazo PS5 yakaa kwenye kabati. Mwaka 2024 Sony waliwaonyesha wawekezaji kwamba karibu nusu ya wachezaji wao wa kila mwezi walikuwa bado kwenye PS4. Hao ndo nyinyi, na huo ni umati mkubwa wa kuachwa bila kuuziwa kitu.

Kwa upande wako sai, kwa vile bei hazielekei kushuka, usikimbilie kubadilisha PS4 zako zote. FC 26 bado imetoka kwa PS4, na mpira ndo unaokulipa. Ukinunua PS5 ya pili chukua yenye tundu la diski hata kama imezidi bei, manake diski yaweza kuzunguka mashine hadi mashine na siku ukiichoka una cha kuuza. Nyengine zote, weka kwenye padi za akiba na feni ya kusafishia vumbi, na zifunike usiku upepo wa bahari usizile.